Kigoma, mwisho wa reli: stesheni ya 1914 na mizigo ya Burundi

Tangu jiwe la msingi la reli ya Uvinza–Musongati liwekwe Agosti 16, 2025, mbele ya Rais Évariste Ndayishimiye na Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanzania wakati huo, mazungumzo kuhusu usafirishaji nchini mwetu yameelekea zaidi kwenye mambo yajayo. Kilomita 282 za njia mpya, dola za Marekani bilioni 2.15, treni za umeme, na nikeli ya Musongati ikiteremka kuelekea Bahari ya Hindi: hayo ndiyo yanayorudiwa katika hotuba na katika taarifa za habari. Kwa nchi ambayo haijawahi kuwa na reli hata ya kilomita moja, shauku hiyo inaeleweka.

Lakini kuna mahali pamoja ambapo hapatajwi sana katika mazungumzo hayo, ingawa kwa zaidi ya miaka 110 ndipo reli ilipokuwa karibu zaidi na Bujumbura. Ni stesheni ya Kigoma, kwenye pwani ya mashariki ya Ziwa Tanganyika, mahali ambapo Watanzania wenyewe hupaita kwa jina lisilohitaji maelezo: mwisho wa reli.

Anayeitazama ramani ya mradi mpya ataona jambo ambalo hotuba hulipita haraka. Reli ya kisasa, ambayo jirani zetu huiita kwa herufi tatu SGR, inatoka Tabora kuelekea magharibi hadi Uvinza. Hapo inagawanyika. Tawi moja linaendelea hadi Kigoma, na jingine linakata kaskazini, linavuka mto Malagarasi na kuingia Burundi. Mzigo wa Burundi utakaopanda treni hiyo hautaliona ziwa. Njia iliyoulisha mji mkuu wetu wa kiuchumi tangu zama za wakoloni itakuwa imeachwa kando, kilomita zaidi ya 100 kutoka njia panda.

Swali linalostahili kuulizwa sasa, kabla mataruma ya kwanza hayajalazwa, ni hili: kati ya leo na siku treni ya kwanza itakapoingia Musongati, nani ataitunza njia inayofika Kigoma, na Burundi itaitumia vipi?

Jengo lililo chini ya Barabara ya Lumumba

Stesheni ya Kigoma ipo mwisho wa mteremko, mahali ambapo barabara kuu ya mji, iliyopewa jina la Patrice Lumumba, inateremka kutoka upande wa Mwanga na kukaribia maji. Ni jengo la enzi ya Wajerumani, refu, lenye kuta nene na matao, na ukubwa wake haulingani na ukubwa wa mji ulioukuta mwaka 1914. Wakati huo Kigoma ilikuwa kijiji cha ghubani. Mji wenyewe ulikuwa Ujiji, kilomita chache kusini, ambako misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilikuwa imekwisha kuweka makao, misikiti na lugha kwa miongo kadhaa.

Kwa nini basi reli haikuishia Ujiji? Sababu ilikuwa maji. Pwani ya Ujiji ina kina kifupi na haina kinga dhidi ya mawimbi, ilhali ghuba ya Kigoma ina kina na imezungukwa na vilima. Wajerumani hawakuwa wakijenga reli kwa ajili ya mji, walikuwa wakijenga reli kwa ajili ya bandari. Jambo hilo dogo la jiografia ndilo lililoamua Ujiji idhoofike na Kigoma ikue, na kwa wale ambao babu zao walifika Buyenzi au Rumonge wakitokea Ujiji, si historia ya watu wengine.

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905. Ulifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwanzoni mwa 1914, umbali wa takriban kilomita 1,250. Upana wa njia ulikuwa mita moja, na ndio upana uliopo hadi leo. Wakoloni walipanga maonyesho makubwa Dar es Salaam mwezi Agosti mwaka huo kusherehekea kukamilika kwa kazi hiyo. Maonyesho hayakufanyika. Agosti 1914 ilileta Vita Vikuu vya Kwanza.

Mzigo mashuhuri zaidi uliowahi kushushwa Kigoma ulikuwa meli nzima. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika maelfu ya masanduku, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kisha kwa reli hadi ziwani, ambako iliunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isiangukie mikononi mwa Wabelgiji waliokuwa wakisonga mbele. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Wengi wa wasomaji wetu wanaifahamu kwa sababu nyingine. Mwezi Mei 2015, maelfu ya Warundi walipokwama katika kijiji cha Kagunga, mpakani kabisa mwa Tanzania, Liemba ndiyo iliyowavusha kwa awamu hadi Kigoma, wakaelekezwa kambi ya Nyarugusu.

Faranga moja kwa mwaka

Uhusiano wa Burundi na stesheni hii haukuanza na mikataba ya leo. Baada ya vita, Ubelgiji ilikabidhiwa Ruanda-Urundi, na ikajikuta ikitawala nchi mbili zisizo na bahari. Tarehe 15 Machi 1921 ilitia saini mkataba na Uingereza ulioipa haki ya kupitisha bidhaa bila kizuizi katika Afrika Mashariki, pamoja na maeneo yake maalumu bandarini Dar es Salaam na Kigoma. Kodi ya maeneo hayo ilikuwa faranga moja kwa mwaka. Muda wa upangaji ulikuwa milele.

Kwa miaka 40 kahawa ya Urundi ilipitia hapo. Magunia yalitoka Usumbura kwa meli, yakashushwa gatini Kigoma katika eneo lililosimamiwa na Wabelgiji, yakapakiwa kwenye mabehewa na kupelekwa pwani bila kupita katika mikono ya forodha ya Waingereza kama bidhaa za kawaida. Vitambaa, chumvi, saruji na vipuri vilifuata njia hiyohiyo kwa mwelekeo wa pili. Sehemu kubwa ya mji wa Usumbura ilijengwa kwa vitu vilivyoteremshwa Kigoma.

Uhuru ulipokaribia, Julius Nyerere aliukataa mkataba huo. Hoja yake, ambayo hadi leo hufundishwa katika vyuo vya sheria, ilikuwa kwamba Uingereza ilikuwa mdhamini tu wa Tanganyika na mdhamini hana uwezo wa kuifunga nchi milele kwa ahadi ambayo yeye mwenyewe hatakuwepo kuitekeleza. Kisheria hoja hiyo ilikuwa nzito. Kwa Burundi na Rwanda, ambazo nazo zilikuwa zikijiandaa kupata uhuru mwaka 1962, matokeo yake yalikuwa kwamba kilichokuwa haki kiligeuka kuwa makubaliano. Mizigo iliendelea kupita, ila sasa ilipita kwa ridhaa ya mwenye nyumba.

Tofauti hiyo ilionekana wazi mwaka 1996. Baada ya mapinduzi ya Julai mwaka huo, nchi za kanda ziliiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi, na njia ya Kigoma ikafungwa pamoja na nyingine. Vikwazo vilisimamishwa Januari 1999. Waliokuwa Bujumbura wakati huo wanakumbuka bei ya sukari na ya petroli. Lakini madhara ya kudumu hayakuwa ya bei. Katika miaka hiyo waagizaji walijifunza kutafuta njia nyingine, na walipopewa nafasi ya kurudi, wengi hawakurudi ziwani. Walikwenda kwenye malori.

Njia moja, mlango mmoja

Leo sehemu kubwa kabisa ya bidhaa zinazoingia nchini kupitia Dar es Salaam huja kwa barabara: Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, kisha mpaka wa Kobero. Ni safari ya kilomita zipatazo 1,500. Lori lina faida zake, na si haki kuzipuuza. Mzigo hupakiwa mara moja na kushushwa mara moja, mwenye mali hujua dereva wake yuko wapi, na hakuna anayesubiri behewa lijae au meli ipate zamu gatini.

Hata hivyo hali ya miaka ya karibuni imeonyesha ubaya wa kutegemea mlango mmoja. Tangu Januari 2024 mpaka wa Burundi na Rwanda umefungwa, na kwa hiyo njia ya kaskazini inayoelekea Uganda na Mombasa haitumiki kama zamani. Vita vya mashariki mwa Kongo vimeifanya pwani ya magharibi ya ziwa kuwa mahali pa wasiwasi. Na uhaba wa mafuta, ambao hakuna haja ya kumweleza msomaji aliyewahi kulala kwenye foleni ya kituo cha petroli, umeufanya usafiri wa lori kuwa ghali na usiotabirika. Lori linalobeba mafuta nalo hutumia mafuta.

Hapo ndipo stesheni ya Kigoma inaporudi katika hesabu. Treni moja hubeba mzigo ambao ungehitaji msururu wa malori, na tishari moja ziwani vivyo hivyo. Kwa tani moja ya saruji, mbolea au ngano, ambayo haiozi wala haina haraka ya siku mbili, reli na maji ni nafuu kuliko lami kwa safari ndefu kiasi hiki. Wataalamu wa uchukuzi hawabishani juu ya hilo. Wanabishana juu ya kama njia yenyewe inaaminika.

Na ukweli ni kwamba haijaaminika vya kutosha. Matatizo yake hayakuanzia Kigoma. Kwa miaka mingi kipande cha Kilosa hadi Gulwe, mamia ya kilomita mashariki, kimekuwa kikisombwa na mafuriko, na tuta likikatika huko, behewa la Bujumbura husimama popote lilipo. Mwaka 2007 shirika la reli lilikabidhiwa kwa mwekezaji kutoka India, na miaka michache baadaye serikali ya Tanzania ikalirudisha mikononi mwake likiwa limechoka zaidi. Fedha za Benki ya Dunia zilizoidhinishwa mwaka 2014, dola milioni 300, ziliimarisha njia ya zamani kutoka Dar es Salaam hadi Isaka. Kipande cha Tabora hadi Kigoma hakikuwemo.

Sentensi hiyo ya mwisho inafaa kusomwa mara mbili hapa kwetu. Isaka ni njia ya Rwanda na ya Mwanza. Njia ya Kigoma ni yetu na ya Wakongo, na ndiyo iliyobaki na reli nyembamba, madaraja ya zamani na mabwawa ya Malagarasi pembeni yake. Agosti 2024 treni ya abiria iliyotoka Kigoma iliacha njia kati ya Kazuramimba na Uvinza na kujeruhi makumi ya watu. Miaka miwili kabla yake, Juni 2022, treni nyingine iliyotoka Kigoma ilipata ajali Malolo, karibu na Tabora, na watu wakapoteza maisha. Na bado treni inaondoka. Kwa wafanyabiashara wadogo wa pande zote za ziwa, wenye magunia ya dagaa, madumu ya mawese na migebuka iliyokaushwa (sisi tunaiita mukeke, na samaki ni yuleyule), hakuna chombo kingine kinachowachukua wao na mizigo yao hadi Tabora na Dar es Salaam kwa nauli wanayoimudu.

Reli mpya inafika wapi hasa?

Baadhi ya viongozi wetu wamezungumza kana kwamba reli ya Musongati inaondoa kabisa haja ya kuizungumzia Kigoma. Uchambuzi wa makini hauungi mkono hitimisho hilo, kwa sababu tatu ambazo hazina uzito sawa.

Ya kwanza ni ya muda. Kilomita 282 zinazovuka mabonde na mto wa mpaka si kazi ya mwaka mmoja wala miwili. Isitoshe, tawi haliwi na faida kabla shina halijakamilika. Treni za umeme za abiria zilianza kwenda Morogoro Juni 2024 na Dodoma Julai 2024, lakini magharibi ya hapo vipande bado vinajengwa. Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma ulitiwa saini Desemba 2022. Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mwishoni mwa 2023 takriban dola milioni 696 kwa ajili ya awamu inayoiunganisha Tanzania na Burundi, na hiyo ni sehemu tu ya gharama. Fedha iliyobaki inapaswa kutafutwa, na soko la mikopo halina huruma kwa nchi zenye uhaba wa fedha za kigeni.

Ahadi ya reli kuelekea pande zetu, kwa kweli, ina umri mkubwa kuliko wote wanaoisubiri. Mwaka 1914 Wajerumani walianza kujenga tawi kutoka Tabora kuelekea kwenye kona ya mto Kagera, wakilenga Ruanda. Vita vililisimamisha. Waingereza waliporithi kazi hiyo, waligeuza njia kuelekea Mwanza, na wakaimaliza mwaka 1928. Pamba ya Usukuma ilikuwa na thamani kwao, na Ruanda-Urundi ilikuwa ya Wabelgiji.

Sababu ya pili ni ya upana wa njia, na inahitaji maelezo kidogo kwa kuwa katika tafsiri zetu za kila siku neno «reli» hubeba vitu viwili tofauti. Njia ya zamani ina upana wa milimita 1,000. Mpya ina milimita 1,435. Behewa la moja haliwezi kupita juu ya nyingine. Wakati wote wa mpito, mzigo utakaotoka bandarini kwa treni mpya hadi mahali njia mpya ilipofikia utalazimika kushushwa na kupakiwa kwenye treni ya zamani, na kwa mwelekeo wa Burundi treni hiyo ya zamani inaishia mahali pamoja tu. Kadiri reli ya kisasa inavyosogea magharibi, stesheni ya Kigoma haipungui umuhimu. Inaongezeka, hadi siku kipande cha mwisho kitakapofunguliwa.

Sababu ya tatu ndiyo nzito zaidi, na ni ya mahali. Musongati ina nikeli, na ni nikeli iliyochora njia hiyo. Kwa madini, mpango ni mzuri: madini ni mazito, yanapatikana pale, na yanahitaji reli. Lakini saruji, ngano, mafuta na dawa zinahitajika zaidi Bujumbura, na kutoka Musongati hadi Bujumbura ni zaidi ya kilomita 100 za milima. Mpaka njia itakapopelekwa Gitega na kuendelea kuelekea Kongo, kama mpango wa muda mrefu unavyosema, kontena litakaloshushwa Musongati litapanda lori na kuivuka milima ileile. Treni ya Kigoma inaishia ziwani, ni kweli, lakini ziwa lenyewe linafika Bujumbura na Rumonge. Meli haipandi mlima.

Funzo kutoka Naivasha

Kenya imekwisha kupita katika njia hii, kwa faida na kwa hasara. Mwaka 2017, treni mpya ya Mombasa–Nairobi ilipokaribia kuanza, treni ya zamani ya abiria ilifanya safari yake ya mwisho, na stesheni za miji midogo ya njiani zikanyamaza. Wauza chai na wachukuzi waliozitegemea hawakuhamishiwa kwenye stesheni mpya, zilizojengwa mbali na mitaa na kuzungushiwa uzio.

Sehemu ya pili ya kisa hicho haisimuliwi sana. Reli mpya ya Kenya ilifika Suswa, jirani na Naivasha, mwaka 2019, na hapo fedha za kuendelea hadi mpaka wa Uganda zikakosekana. Ikalazimu kuirudia njia ya zamani, iliyokuwa imeachwa, kuikarabati hadi Malaba na kuiunganisha na mpya ili kontena za Uganda zipite. Njia ambayo ingetunzwa kwa gharama ndogo ikafufuliwa kwa gharama kubwa. Burundi haina sababu ya kungoja Uvinza iwe Naivasha yake.

Kwa upande wa Tanzania kuna dalili kwamba somo limesikika. Shirika la reli limeendelea kununua na kukarabati mabehewa ya njia ya zamani sambamba na ujenzi wa mpya. Bandari kavu ya Kwala, nje ya Dar es Salaam, ambayo njia zote mbili zinaifikia, imetenga maeneo kwa nchi jirani, Burundi ikiwemo. Na Kigoma kwenyewe kuna mpango wa bandari kavu ya Katosho, uliobuniwa kwa ajili ya mizigo ya Burundi na Kongo. Atakayelinganisha ramani ya Katosho na ile ya maeneo ya Wabelgiji ya mwaka 1921 atatabasamu kidogo: mahitaji ya jiografia hayabadiliki kwa sababu bendera imebadilika.

Yanayosalia mezani Bujumbura

Upande wetu ndio wenye kazi kubwa zaidi, na si yote inayohitaji mabilioni. Bandari ya Bujumbura na vyombo vya ziwani ndiyo nusu ya pili ya stesheni ya Kigoma. Treni ikifika kwa wakati na tishari likachelewa wiki mbili, mwagizaji atairudia Kobero, na hakuna hotuba itakayomzuia. Kupanda kwa maji ya ziwa, ambako katika miaka ya hivi karibuni kumezamisha mitaa ya Gatumba na sehemu za Rumonge, kunahitaji kuingizwa katika mipango ya gati na maghala, kwani gati lililojengwa kwa kipimo cha zamani halipakii kitu likiwa chini ya maji.

Kuna pia njia ya nchi kavu isiyopewa uzito unaostahili. Barabara ya Nyakanazi, Kasulu hadi Manyovu upande wa Tanzania, na ile ya Rumonge hadi Gitaza upande wetu, zilifadhiliwa kwa mpango mmoja na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Zikiunganishwa na forodha yenye kasi huko Mugina, mzigo ulioshuka kwenye treni Kigoma unaweza kufika Nyanza-Lac na Rumonge kwa lori katika siku moja, meli ikiwepo au isiwepo. Kwa wafanyabiashara wa kusini, ambao wengi wao huzungumza Kiswahili na wana ndugu Ujiji na Mwanga, njia hiyo ni ya kawaida tangu zamani. Kinachokosekana ni kuitambua rasmi katika hesabu za taifa, pamoja na ushuru mmoja unaojulikana badala ya ule unaojadiliwa upya kwa kila gunia.

Hoja kwamba kuwekeza katika njia ya Kigoma ni kupoteza fedha kwa kitu kitakachopitwa na wakati inasikika miongoni mwa baadhi ya wataalamu, na haikosi mantiki. Fedha ni chache. Lakini inachukulia kwamba tawi la Musongati litakamilika kwa tarehe iliyopangwa, kwamba Tanzania itaendelea kuitunza njia ya zamani hadi siku hiyo bila mteja mkubwa wa upande huu kuiomba, na kwamba baada ya hapo mizigo yote itakubali kupita mahali nikeli ilipo. Dhana ya kwanza ina shaka. Ya pili inategemea sisi wenyewe, kwa sababu shirika la reli hutunza njia inayolipa, na njia ya Kigoma italipa ikiwa Warundi wataipa mzigo. Ya tatu haijawahi kutokea katika historia ya ziwa hili.

Ndiyo maana mazungumzo ya mara kwa mara kati ya Bujumbura na Dodoma kuhusu reli mpya yangefaidika yakiwa na kipengele kimoja zaidi: ratiba ya pamoja ya matengenezo ya kipande cha Tabora hadi Kigoma kwa miaka ya mpito, idadi ya mabehewa yatakayotengwa kwa mizigo ya Burundi, na siku za treni ya mizigo zilizooanishwa na siku za meli. Wakala wa Ushoroba wa Kati, ulioundwa kwa makubaliano ya mwaka 2006 na ambao Burundi ni mwanachama wake, una jukwaa la kuyajadili hayo bila kusubiri mkutano wa marais. Katika tangazo lililotolewa Musongati Agosti 2025 kipengele hicho hakikuwemo.